Madoa meusi kwenye picha: lenzi ifunguliwe au iachwe? Jumamosi nina harusi

Picha_Kwamrombo
Wakuu kwema?

Nipo Arusha, napiga harusi na kipaimara, na msimu wa wageni nikipata dili naingia porini. Juzi nimetoka Ndutu. Kufungua kazi kwenye laptopu, kila picha yenye anga ina madoa ya duara, meusi yaliyofifia kingoni, na yanakaa palepale picha hadi picha. Nikipiga chumbani siyaoni. Nikimulika lenzi kwa tochi ya simu naona vumbi ndani kabisa, katikati ya vioo. Kuna fundi simu huku mjini anasema anaifungua na kuisafisha kwa elfu hamsini. Nimpe au nisimpe? Ushauri kwanza, matusi baadaye.

Siti ya Dirishani
Simu yangu ya laki nne haijawahi kuingia vumbi. Uza hilo dude.

Mzee wa Shata
Usimpe. Vumbi unaloliona ndani ya lenzi silo linalokuletea madoa. Likiwa kidogo halionekani kwenye picha kabisa. Likizidi, picha inapauka, hasa ukipiga kuelekea jua. Doa lisilohama, linalotokea angani na kupotea chumbani, ni la sensa, kile kibapa ndani ya kamera kinachopokea picha. Porini mchana ulibana tundu la lenzi hadi f/11 au f/16 (namba ikikua, tundu linapungua), chumbani ukaachia f/2.8, kivuli cha chembe kikatawanyika.

Hakikisha mwenyewe. Weka f/22, ISO 100, lenga ukuta mweupe, vuruga fokasi, piga huku unatikisa mkono. Kitakachobaki kimetulia ni uchafu wa sensa. Badilisha lenzi upige tena. Madoa yakibaki, lenzi haina kesi. Na picha inatua kichwa chini, kwa hiyo doa la juu uchafu wake utafute chini.

Binti Kondoa
Poleni na vumbi la Ndutu. Nyanda zile ni majivu ya volkano, laini kuliko poda ya mtoto, yanapenya hata begi lililofungwa zipu. Mimi niliwahi kupiga harusi Dodoma mwezi wa tisa, hema uwanjani, upepo ule mnaujua. Bibi harusi anashuka kwenye gari nikawa nabadilisha lenzi, kamera imeangalia juu kama bakuli. Albamu nzima ina mbu! Tangu siku hiyo nazima kwanza, naielekeza chini, halafu nafungulia ndani ya mfuko wa mkate. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019 lakini ule nimeugandia.

Mtumishi2
Kijana, tatizo lako si vumbi. Tatizo ni kukimbilia kazi tatu kwa wakati mmoja. Tulia na moja.

Picha_Kwamrombo
Mtumishi, ada ya mtoto hailipwi kwa kutulia. Mzee wa Shata asante, ila fundi ameonyesha kujiamini sana. Na lenzi yenyewe ni ya kurefuka ukizungusha, naona ndiyo inayovuta vumbi.

Mzee wa Shata
Inavuta kweli, lakini haijalishi. Mbona hujasema ni kamera gani? Na kabla ya kuja hapa, uligusa sensa?

Picha_Kwamrombo
Canon ya kisasa, hizi zisizo na kioo cha kuinuka mbele ya sensa (mirrorless). Kugusa ni kidogo tu.

Mzee wa Shata
Kidogo na nini?

Picha_Kwamrombo
Pamba ya masikio na spiriti ya vidonda. Msianze sasa. Nilifanya taratibu, YouTube wamejaa wanaofanya hivyo. Betri ilikuwa imejaa, nikainua kioo kwanza kama inavyotakiwa, nikapangusa mara moja.

Jirani wa Lumumba
Simama hapo. Kamera *isiyo na kioo*, halafu *ukainua kioo*. Wakuu, hii chai, tena ya rangi. Huyu hana kamera.

Siti ya Dirishani
😂😂 Leteni vitumbua.

Jirani wa Lumumba
Weka hizo picha za Ndutu tuone madoa. Wiki jana kulikuwa na uzi wa aliyeangusha droni ya bosi wake ziwani, uandishi ni huuhuu.

Mtumishi2
Uongo ni dhambi hata mtandaoni.

Binti Kondoa
Jamani, hayo madoa ya duara yaliyofifia kingoni mtu hawezi kuyatunga kama hajayaona.

Picha_Kwamrombo
Kamera ni mbili! Ya kioo ni yangu, ya zamani. Nilianza nayo kama mazoezi, ikakubali. Ndipo nikafanya hii nyingine. Hii nyingine ni ya shemeji, yuko Mwanza kikazi, aliniachia nimtunzie. Anarudi Jumapili.

Jirani wa Lumumba
Na anajua imekwenda Ndutu?

Picha_Kwamrombo
Hilo halihusiani na vumbi.

Siti ya Dirishani
Harusi Jumamosi, shemeji Jumapili. Naomba sehemu ya pili.

Mzee wa Shata
Iwe chai au maziwa, najibu kwa faida ya wengine. Ulichopangusa si sensa yenyewe, ni kioo cha kichujio kilicho mbele yake, kwa hiyo usikate tamaa. Ila spiriti ya vidonda ina maji, inaacha michirizi, na pamba inaacha nyuzi. Sasa chukua pampu ya mpira, kamera iangalie chini, puliza bila ncha kugusa kitu. Usipulize kwa mdomo, mate yataruka. Makopo ya hewa ya kompyuta nayo usiyasogeze, yanatema gesi ya baridi. Isipokubali, tafuta vijiti maalumu vyenye upana wa sensa, milimita 24 kwa sensa kubwa, 16 kwa ndogo, matone mawili ya dawa yake, buruta mara moja, geuza ubavu wa pili, tupa.

Jumamosi usivuke f/4, hakuna atakayeona kitu. Za Ndutu, futa madoa kwenye picha moja ndani ya Lightroom, ile programu ya kuhariri picha, kisha nakili marekebisho kwa nyingine, maana hayahami. Pitia tu moja moja, isije ikafuta jicho la simba.

Picha_Kwamrombo
Nimekuelewa mkuu. Tatizo fundi nilishampa elfu ishirini ya kuanzia na lenzi iko kwake toka asubuhi.

Binti Kondoa
Lenzi ya nani?

Picha_Kwamrombo
Ya shemeji. Yangu haina vumbi.

Mzee wa Shata
Kaichukue sasa hivi! Vioo vya ndani vikisogea hata kidogo, upande mmoja wa picha haukai tena kwenye fokasi, na hapo si kazi ya bisibisi ya simu.

Picha_Kwamrombo
Nimempigia. Anasema ametoa skrubu mbili tu, umeme umekatika, anasubiri urudi. Nipo kwenye boda.