Tumeuziwa "njia tulivu" Hispania kusini, tukakuta geti na kufuli. Mdogo wangu kaumia, na waliotuuzia walikuwa wanajua

Wakuu habari za saa hizi.

Naandika nikiwa Málaga, usiku huu, mdogo wangu kalala kwenye kochi mkono wa kushoto umefungwa bandeji mpaka karibu na kiwiko na kesho ana ndege ya kurudi Ujerumani, sijui begi atalibebaje. Nina hasira na nataka niandike zikiwa bado za moto maana najua humu mpo wengi mlioko Ulaya na kuna wanaopanga kuja kuendesha baiskeli huku, na sitaki mtu mwingine apigwe kama tulivyopigwa sisi.

Kwa ambao hawajui, kuna hizi baiskeli za changarawe wanaita greveli, usukani umejikunja kama wa baiskeli ya mbio lakini tairi ni nene, zetu zilikuwa milimita 45, unapita nazo barabara za vumbi, mawe madogo, njia za mashambani ambako gari halipiti. Huku Andalusia ndio kwao haswa. Milima, mizeituni mpaka macho yanachoka, vijiji vyeupe juu ya vilima, na unaweza kwenda saa nzima hujakutana na mtu. Mimi naishi huku mwaka wa nane sasa na hicho ndio kitu kimenifanya niipende hii nchi, nikitoka zamu ya hotelini nachukua baiskeli naingia porini kichwa kinatulia. Kwa hiyo mdogo wangu aliposema anakuja likizo nikasema hapana, huyu nampeleka safari ya siku 3, nataka aone.

Baiskeli ninayo moja tu, ikabidi nikodi mbili zinazolingana. Duka likatuuzia kifurushi, baiskeli mbili, mabegi ya kufunga kwenye fremu na faili la njia la kuweka kwenye GPS, euro 340. Kwenye tangazo lao wameandika njia tulivu, mbali na magari, wameipita wenyewe na kuihakiki. Hayo maneno "kuihakiki" myashike vizuri.

Siku ya kwanza ilikuwa safi na lazima niseme haki. Tulianza Puerto Serrano kwenda Olvera kwa Vía Verde de la Sierra, kilomita 36, hii ni reli iliyojengwa miaka ya 1920 ikaachwa bila kufunguliwa, leo ni njia ya baiskeli na waenda kwa miguu. Mahandaki 30, mengine marefu mpaka unasikia baridi ya jiwe inakuingia mgongoni wakati nje jua linachoma, na ukifika Peñón de Zaframagón unawaona tumbusi wanazunguka juu ya mwamba, wengi mno. Mdogo wangu alisimama pale karibu nusu saa hataki kuondoka. Tukalala Olvera tumefurahi.

Siku ya pili ndio balaa.

Faili linatutoa Olvera kuelekea Campillos kwa njia za ndani, tusipite A-384 ambayo ndio barabara kubwa ya pale, malori matupu. Asubuhi yote tulikwenda vizuri, vumbi jeupe, mizeituni kulia na kushoto. Zimebaki kama kilomita 20 hivi njia ikaingia kwenye cordel, na hapa lazima nieleze maana bila hili hamtaelewa kwa nini nimekasirika kiasi hiki.

Hispania ina njia za mifugo za tangu enzi za wafalme, wafugaji walikuwa na chama chao kilichotambuliwa na mfalme Alfonso X mwaka 1273, wanahamisha kondoo kati ya kaskazini na kusini kufuata majani. Njia zenyewe bado zipo kisheria. Sheria namba 3 ya 1995 inasema ni mali ya umma, haziuzwi, na hata ukilima juu yake miaka mia haiwi yako. Zina majina kulingana na upana: cañada inaweza kufika mita 75, cordel 37.5, vereda 20. Na sheria hiyohiyo inaruhusu watu kutembea, kupanda farasi na kupita na chombo kisicho na injini ilimradi mifugo ipewe kipaumbele. Yaani sisi na baiskeli zetu tuna haki kabisa ya kuwa pale, hatujavamia shamba la mtu.

Sasa tunafika, tunakuta geti la chuma. Jipya, rangi ya kijani bado inang'aa, mnyororo mnene na kufuli la kama ngumi yangu. Juu yake kile kibati kidogo kilichogawanywa mshazari nusu cheupe nusu cheusi, alama ya eneo la uwindaji. Kile kibati wengi kinawatisha wanageuza, lakini maana yake ni kwamba haki ya kuwinda pale ina mwenyewe, basi, hakifungi njia ya umma. Upande wa pili wa uzio miti michanga ya mizeituni imepandwa kwa mistari iliyobanana, mipira ya maji ya matone imelazwa chini inakatiza palepale ilipokuwa njia. Na nguzo yenye maandishi ya "vía pecuaria", ile inayowekwa kuonyesha kwamba hii ni njia ya mifugo, imelala ndani ya uzio kwenye magugu, imeng'olewa. Haikuanguka yenyewe wakuu, udongo wa pale mguuni pake ulikuwa bado umeganda kwenye saruji.

Mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, si ndio njia yenyewe hii? Au tumepotea?" Naangalia GPS, mstari unapita katikati ya geti. Hatukupotea.

Wakati tunahangaika akatokea mzee na mbuzi wake, wale wa Payoya wa milima ya huku, kengele shingoni. Akatuita "hijos", wanangu, akatuambia msijisumbue, hapa pamefungwa. Baba yake alikuwa anapitisha mbuzi hapo, yeye mwenyewe kapitisha miaka yote, sasa anazungukia barabarani na mifugo kwenye lami. Nilimuuliza kama kalalamika. Akanyoosha mikono tu. Mimi nimekulia Manyara wakuu, nyumbani tulikuwa na ng'ombe, najua vizuri ikifungwa njia ya mifugo kinachofuata ni nini. Yule mzee aliniuma kuliko hata safari yangu.

Na mtu asinambie mageti ni kawaida mashambani. Ndio, ni kawaida, mengi yamefungwa kwa waya tu, unafungua unapita unafunga nyuma yako ili mbuzi wa watu wasitoke, na kila mwendesha baiskeli mwenye adabu anafanya hivyo. Geti la waya ni la kuzuia mbuzi. Kufuli lile limewekwa kwa ajili ya binadamu.

Saa nane mchana, chupa zimebaki maji ya vidole viwili, nyuma hakuna kijiji cha karibu. Hatukuwa na namna zaidi ya kushuka A-384.

Sheria ya huku inamtaka dereva akuachie mita 1.5 anapokupita na baiskeli. Lori la pili kutupita halikuacha hata nusu mita, ule upepo wake ulimvuta mdogo wangu kwanza kuelekea ndani halafu ukamsukuma nje, tairi ya mbele ikatoka kwenye lami akaingia mtaroni na baiskeli juu yake. Nilisikia kelele ya chuma kabla sijageuka. Nilipomfikia alikuwa amekaa anashika mkono anasema "niko sawa niko sawa" na uso umekuwa wa majivu. Kile kipande kinachoshika giya ya nyuma kimepinda, cheni imeingia kwenye spoku. Kifundo cha mkono kimeteguka, daktari alisema afadhali haukuvunjika.

Sasa sikilizeni hili. Narudisha baiskeli dukani, namweleza kijana wa pale kwa utulivu kabisa, namwonyesha na picha. Ananiambia, "Aah, lile geti. Lipo tangu mwaka jana, wateja wengine nao walisema." Tangu mwaka jana! Na bado wanauza faili lilelile kwa maneno yaleyale kwamba wamelihakiki. Namuuliza kwa nini hamkulibadilisha, anasema wengi huwa wanaruka. Wanaruka! Na baiskeli yenye mizigo, juu ya uzio wa waya wenye miiba. Halafu akanitoza euro 45 za kile kipande cha giya, nikamwita bosi wake, bosi akasema duka halihusiki na hali ya njia. Kama hamhusiki mlituuzia nini? Hela ya baiskeli naielewa, ile ya faili ilikuwa ya nini?

Kuondoa lile geti haikuwa kazi yao, najua. Ila kuchora upya mstari kwenye kompyuta ni kazi ya jioni moja. Kumwambia mteja "kilomita fulani pana geti, zungukia huku" ni sentensi moja. Wamekaa kimya kwa sababu wakisema ukweli neno "tulivu" linafutika kwenye tangazo, na mdogo wangu ndio kalipa hilo neno kwa mkono wake.

Jina la duka siliweki hapa. Mnaopanga kuja, kabla ya kutoa hela waulizeni tarehe, lini mara ya mwisho mtu wao kapita njia hiyo kwa tairi zake, na wakuandikie. Wakianza danadana ondokeni. Vía Verde hizi za reli ya zamani nendeni bila wasiwasi, ni huko kwenye cordel na vereda ndio mjiulize mara mbili, na ramani ya njia za mifugo mlinganishe wenyewe na picha za satelaiti, mizeituni mipya inaonekana kabisa.

Nina picha 14 za geti, nguzo na mipira ya maji, zote zina mahali zilipopigwa. Kesho nikitoka uwanja wa ndege nakwenda kufungua malalamiko mawili, moja la njia kufungwa na lingine la duka kwa upande wa haki za mlaji. Kama kuna mwenzetu yuko Sevilla, Cádiz, popote huku, ashawahi kufungua denuncia, yaani malalamiko rasmi, ya njia ya mifugo, naomba aniambie alianzia dirisha gani na alidaiwa karatasi zipi. Na yule mzee wa mbuzi, kuna namna ya kumweka kama shahidi bila kumletea ugomvi na jirani yake? Hilo ndio linaninyima usingizi.