Msaada: seva ya barua pepe ya zamani, aliyetuuzia anasema toleo hili hahudumii tena

Mtu wa Stoo (Tukuyu):
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Rungwe, ofisi ya ushirika wa chai na parachichi. Mambo yote ya kompyuta ni mimi, na seva niliikuta: CentOS 5 (mfumo endeshi, aina ya Linux), na Sendmail 8.13.8 (programu ya kusafirisha barua pepe). Programu ya malipo ya wakulima imo humohumo, na ndiyo inayotuma hati za malipo kwa AMCOS (vyama vya msingi vya wakulima). Wiki hii barua haziendi. Logi inarudia mstari mmoja tu: *Deferred: 403 4.7.0 TLS handshake failed*, yaani barua imeahirishwa kwa sababu makubaliano ya TLS, njia ya kusimba mawasiliano, yameshindikana.

Nimempigia aliyetuuzia mfumo, yuko Dar. Kasema mkataba wa matengenezo umekwisha, na hata tukiuhuisha, toleo hilo hawaligusi, tununue jipya. Nyaraka alizoacha ni bahasha ya picha za skrini, "bonyeza sawa, bonyeza endelea". Kuhusu barua inapita wapi, hamna hata sentensi. Bajeti ya kubadilisha kila kitu haipo mpaka msimu ujao. Nianzie wapi?

Kijana wa Mwanjelwa:
CentOS 5 ilizikwa tarehe 31 Machi 2017 mkuu. Hamia kwenye wingu, ulale usingizi.

Mzee wa Unix (Iringa):
Kijana, hiyo programu ya malipo utaihamisha wewe? Soma swali.

Mtu wa Stoo, muuzaji wako anaudhi, ila Sendmail si kazi ya mikono yake. Iliandikwa na Eric Allman pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ikasambaa na BSD, mfumo endeshi wa Unix wa hapo Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sun, HP, IBM, kila mmoja akaiweka kwenye Unix yake na kuigusagusa. Ndiyo maana sisi wa zamani tulizoea kutupiwa mpira: muuzaji anakutuma kwa mwandishi, mwandishi anasema yako imechezewa na muuzaji. Kwa hiyo usisome mwongozo wowote unaoukuta mtandaoni, soma ule wa toleo lako. Uko kwenye mashine yako: /usr/share/sendmail-cf/README. Usipouona, kifurushi cha sendmail-cf hakijawekwa. Vifurushi vya CentOS 5 bado viko vault.centos.org. Huo README ni mrefu na umeandikwa vizuri kuliko nyaraka nyingi za kulipia nilizowahi kushika.

Sasa ugonjwa. OpenSSL (programu inayofanya kazi ya TLS) ya CentOS 5 ni ya familia ya 0.9.8, haijui TLS 1.2, ambayo ilikuja na OpenSSL 1.0.1 mwaka 2012. TLS 1.0 na 1.1 zilitangazwa rasmi kuwa zimepitwa na wakati Machi 2021, kwa RFC 8996. Nadhani anayekupokelea barua amezifunga. Sendmail yako inabisha hodi kwa lugha ambayo mwenye nyumba haitaki tena.

Usihangaike kuipandisha OpenSSL kwenye mzee huyo, utavunja na programu ya malipo. Tafuta kompyuta ndogo, weka Debian (Linux nyingine) na Postfix (programu nyingine ya kusafirisha barua), iwe katikati. Seva ya zamani imkabidhi Postfix ndani ya ofisi bila TLS, Postfix aongee TLS na dunia. Kwenye /etc/mail/sendmail.mc badilisha mstari wa SMART_HOST (seva ya kukabidhiwa barua zinazotoka) uandike IP ya hiyo mashine ndani ya mabano ya mraba, mfano [192.168.1.20]. Ukisahau mabano, Sendmail itaichukulia kama jina na kwenda kuitafutia MX, yaani rekodi inayotaja seva ya kupokea barua za jina hilo. Kisha make -C /etc/mail, inayotengeneza sendmail.cf kutoka kwenye .mc, na uiwashe Sendmail upya. Nakili faili zote mbili, .mc na .cf, kabla hujagusa kitu.

Fanya haraka: kwa kawaida barua ikikaa foleni siku 5 inarudishwa kwa mtumaji.

Dada wa Mafinga:
Shikamoo Mzee. Naongeza mtego mmoja. Postfix ya Debian ikishawekwa huwa inatangaza STARTTLS (mwaliko wa kuanza TLS) yenyewe. Sendmail yake ataona tangazo, atajaribu, na kosa litarudi lilelile. Kwenye main.cf ya Postfix aweke smtpd_tls_security_level = none. Hiyo ni ya kupokea tu. Ya kutuma, yenye smtp bila d, iwe encrypt.

Mzee wa Unix (Iringa):
Marahaba. Hilo lilinipita kabisa, na angetukana hadi asubuhi.

Kijana wa Mwanjelwa:
Kwa nini asihariri sendmail.cf moja kwa moja? Ni mstari wa DS tu, unaotaja SMART_HOST.

Mzee wa Unix (Iringa):
DS sawa, akiwa amebanwa. Ila make ya mara nyingine itaufuta. Na akishuka kwenye mistari inayoanza na R (kanuni za kubadilisha anwani), katikati ya pande mbili panatakiwa tabo, siyo nafasi. Ukinakili kutoka kwenye kivinjari, tabo zinageuka nafasi, na kwa macho huoni tofauti yoyote.

Mtu wa Stoo (Tukuyu):
Wakuu, nimetumia kompyuta ya zamani ya mhasibu. Kweli kosa lilirudi lilelile mpaka nilipoweka none. Nikapiga sendmail -q -v, foleni ikaanza kushuka. AMCOS ya Kiwira wamepokea, nyingine zinaendelea. Nimechapa README, mwenyekiti anauliza karatasi zote hizi za nini.

Dada wa Mafinga:
Hongera kaka. Kabla hujafunga ofisi leo, angalia mynetworks (orodha ya mashine zinazoruhusiwa kutuma kupitia Postfix): iwe na 127.0.0.0/8, yaani mashine yenyewe, na IP ya seva ya zamani peke yake. Na kwenye ruta poti 25, ya barua, isifunguliwe kutoka nje.