Picha za faragha: tumfunge aliyetengeneza tu, au hata aliyefowadi?

Wakuu, wiki mbili zilizopita kwenye grupu letu la kikoba kuna jamaa alitupia picha ya dada mmoja, mwanachama mwenzetu, yuko uchi. Badala ya kukemea, watu wakaanza "leta koneksheni yote", yaani picha zote zilizovuja. Dada ana kovu la chai ya moto begani, tuliokua naye tunalijua. Kwenye picha bega laini kama yai. Kichwa chake, mwili wa kompyuta.

Sasa hoja. Sheria yetu Tanzania ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14, inakataza kuchapisha ponografia. Adhabu inaanzia faini ya milioni 20 au jela miaka 7. Kali kweli. Ila kosa pale ni uchafu wa picha, suala la ridhaa halimo. Kenya, kifungu cha 37 cha sheria yao ya 2018, wanamshika anayesambaza: faini isiyozidi shilingi 200,000 au miaka 2. Aliyejifungia chumbani na akili mnemba akamvua mtu nguo, hajatuma popote, vifungu hivyo vinampita.

Mchangiaji: Mkuu, ukifunga kila aliyefowadi, nusu ya grupu itahamia gereza la Segerea. Mama yangu anafowadi vitu hata hajavifungua! Na polisi wakianza kupekua simu zetu wakitafuta picha, tumekwisha. Halafu wanaojipiga picha wenyewe je?

Mleta mada: Mama yako aachwe, ashikwe anayejua mwenye picha hakuridhia. Kujipiga ukamtumia mumeo si kuitangazia dunia. Hilo la "alijipiga mwenyewe" ndilo linalotuharibia. Uganda 2014, mwanamuziki alivujishiwa picha, mtuhumiwa akiwa mpenzi wake wa zamani, na waziri akataka mwanamke ndiye akamatwe kwa sheria ya kupinga ponografia! Mahakama ya Katiba ilikuja kufuta baadhi ya vifungu vya sheria hiyo 2021.

Simu za watu sitaki zipekuliwe. Napenda ile sheria ya Marekani ya Mei 2025: mhusika akilalamika, mtandao uondoe picha ndani ya saa 48, hata kama ni ya kutengenezwa. Lakini grupu la kikoba? Hapo nimekwama, nisaidieni. Admini alifuta, ila wengine walishapakua. Dada hajaja vikao viwili. Hisa zake analeta mdogo wake.