Tupeane uzoefu: Kufanywa upya nia kulianzaje kwako?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Shuhuda za mguu uliopona tunazisikia kila Jumapili, za akili iliyopona ni chache mno. Na Paulo aliwaombea Wathesalonike nafsi, roho na mwili pamoja (1 Thes. 5:23). Uliyepitia huzuni nzito, hofu au uchungu, kwako nini kilibadilika kwanza?

Kwangu ni usingizi. Nilipofiwa na mume wangu sikuwa nalala wala kula. Mama mchungaji alikuja, akanipikia uji, kisha akanisomea 1 Wafalme 19. Eliya anaomba afe, na malaika hamkemei. Anampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, analala tena, anaamshwa tena ale. Sauti ile ndogo, ya utulivu, aliisikia baadaye kabisa, huko Horebu. Usiku ule nililala.

Mjoli wa Mbeya: Amina, dada. Mimi nililelewa nikiambiwa ni mzigo. Niliomba neno hilo litoke, halikutoka. Wafilipi 4:8 inaanza na "yaliyo ya kweli", basi kila likinijia nikawa naliandika daftarini na kuuliza: ni kweli? Mungu amesema hivyo wapi? Ilichukua muda mrefu. Bado linabisha hodi, ila silifungulii.

Mama Wawili: Baada ya kujifungua mtoto wa pili sikutaka hata kumshika. Wapo waliosema ni pepo. Muuguzi wa kliniki akanipeleka kwa daktari, ikaonekana ni sonona. Mchungaji aliniwekea mikono huku vidonge viko kwenye pochi, akanikumbusha kuwa Luka aliyesafiri na Paulo alikuwa tabibu (Kol. 4:14). Nawasihi, tusimwambie mtu atupe dawa ili aonyeshe imani!

Fundi Seremala: Presha yangu bado ipo na dawa nameza, sitasema uongo. Ila ndugu yangu tuliyegombania shamba, nimemwombea kwa jina mpaka juzi msibani tumekula sahani moja.

Dada wa Kwaya: Mama Wawili, samahani, ulikuwa unanyonyesha? Mdogo wangu yuko hapo sasa hivi.

Mama Wawili: Ndiyo, mpendwa, nilinyonyesha. Nilimwambia daktari tangu mwanzo, akanichagulia dawa inayomfaa anayenyonyesha. Mpeleke, na uingie naye ndani, maana mwenyewe anaweza kushindwa kujieleza.