Mrejesho: malisho ya baba mkwe, Devon

Wakuu, niliuliza kama baba mkwe huku Uingereza anaweza kusajili malisho yake awauzie wajenzi wa nyumba yuniti, yaani pointi za kuboresha makazi ya mimea na wanyama, si sheria inawataka waache mazingira bora kwa 10% kuliko walivyokuta. Inawezekana, ila ada ya usajili ya pauni 639 ndo kitu kidogo kabisa, kazi iko kwenye mkataba na halmashauri (au taasisi iliyoidhinishwa), unatunza eneo miaka 30 na ripoti juu, bila huo Natural England, shirika la serikali la mazingira, hawakuingizi kwenye rejista ya maeneo hayo. Mtaalamu alikuja na fremu ya mita moja akapiga magoti anahesabu majani aina kwa aina, mzee anamcheka tu. Maombi yameshaenda, bei tunapatana na mjenzi wenyewe, serikali haipangi.