Naomba ushauri: riwaya yangu ya kunusurika porini imewagawa wasomaji kwa sababu ya siasa

Mwanamsitu

Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie mawazo, maana kichwa kimejaa na muda wa kurudisha muswada kwa mhariri umekaribia.

Nimeandika riwaya ya watu saba wanaokimbilia milimani baada ya serikali yao kupinduliwa. Nchi sikuitaja jina. Wamo ofisa wa usalama wa serikali iliyoanguka, mwalimu aliyewahi kufungwa na serikali hiyohiyo, muuguzi, vijana wawili wa tumbo moja, na mzee na mkewe. Mpaka uko ng'ambo ya milima, baridi inazidi, chakula kimeisha mapema kuliko walivyodhani. Kisa chenyewe ni nani atafika na nani hatafika.

Shida yangu ni sura ya tisa. Usiku wa mvua wamejibana chini ya mwamba, njiti za kiberiti zimebaki chache, na mwalimu na ofisa wanaanza kubishana kuhusu nchi waliyoiacha nyuma: nani aliiharibu, nani alinyamaza, nani alifaidi. Mabishano yanachukua kurasa kumi na nne. Mwishoni ofisa anatoka nje kwa hasira, anateleza, anaangukia bondeni na kufa.

Niliwapa watu ninaowaamini waisome. Wamegawanyika vibaya. Kuna waliosema sura hiyo ndiyo iliyowafanya wasiiweke riwaya chini, na kuna walioishia hapohapo. Mmoja aliniandikia kwamba alikuwa nao porini, akahisi baridi yao, ghafla akajikuta yuko mkutano wa hadhara. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba ukiangalia waliopenda na waliochukia, wamejipanga karibu sawasawa na misimamo yao ya kisiasa. Kama aliyependa alipenda kwa sababu tu anakubaliana na mwalimu, basi sijui kama nimeandika riwaya au kipeperushi. Mhariri naye ananiambia nichague kimoja, pori au siasa.

Niikate sura ya tisa? Niipunguze? Au niiache kama ilivyo na asiyeipenda aende zake?

Jahazi_Kavu

Kata, dada. Mimi ni msomaji wa vitabu vya porini tangu nikiwa shule ya msingi, na ninavisoma kwa sababu moja: humo tatizo ni la wazi. Kuna maji au hakuna. Moto umewaka au haujawaka. Siasa naisikia kwenye redio asubuhi, naisikia kazini, naisikia msibani. Nikifungua kitabu cha mtu aliyepotea mlimani, nataka mlima.

Bi_Mkubwa_Maktaba

Mwanangu Jahazi, hicho kitabu cha porini kisicho na siasa kimeandikwa lini? Chukua babu yao wote, *Robinson Crusoe* cha Daniel Defoe, cha mwaka 1719. Watu husema ni kisa cha mtu na kisiwa tu. Sasa kumbuka meli ilipovunjika Crusoe alikuwa safarini kwenda wapi. Alikuwa anakwenda Afrika kuchukua watumwa. Akifika kisiwani anajihesabu kuwa mfalme wa pale, na mtu wa kwanza anayemwokoa anampa jina la siku ya wiki na kumfundisha amwite Bwana, kabla hata ya kumfundisha mambo mengi mengine. Hiyo ni siasa tangu mwanzo hadi mwisho. Wasomaji wengi wa zama zile hawakuiona kwa sababu walikuwa wanakubaliana nayo.

Kwa hiyo Mwanamsitu, usikubali kuambiwa uchague. Watu saba wakiwa na sufuria moja, tayari wana serikali. Anayegawa chakula ametawala. Mimi sura hiyo nisingeikata hata mstari.

Mzee_Kobe

Nakubaliana na Bi Mkubwa kuhusu Crusoe, lakini naona wote mmepita pembeni ya tatizo lenyewe.

Mwanamsitu, binti yangu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Ofisa anashindwa hoja, anakasirika, anatoka nje, anateleza, anakufa. Nani amemuua? Si mlima. Ni wewe. Umelifanya bonde kuwa hakimu aliyekwisha kula njama na mwalimu. Msomaji aliye upande wa mwalimu hatagundua, atapiga makofi. Msomaji wa upande wa pili atagundua mara moja, hata kama hawezi kueleza kilichomkera, na atakifunga kitabu. Ndiyo maana wasomaji wako wamegawanyika kwa mistari ya siasa. Urefu wa mabishano ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba pori lako lina upande.

William Golding alipoandika *Lord of the Flies*, kilichotoka 1954, alikuwa anajibu kosa la aina hii. Kulikuwa na kitabu cha R. M. Ballantyne cha 1857, *The Coral Island*, ambamo wavulana watatu wa Kiingereza wanaishi kisiwani kwa adabu na furaha, na uovu wote unatoka nje: maharamia na wenyeji. Golding alikuwa mwalimu wa wavulana, tena alipigana vita ya pili ya dunia katika jeshi la majini. Hakuamini. Akachukua hata majina, Ralph na Jack, akawaweka kisiwani na kuonyesha uovu ukitoka ndani yao wenyewe, hata kufikia kuuana.

Kijana_wa_Pwani

Samahani mzee wangu, hapo naomba nipinge kidogo. Golding naye alilivuta pori upande wake. Mwaka 1965 wavulana sita wa shule huko Tonga, visiwa vya bahari ya Pasifiki, walichukua mashua, wakapigwa na dhoruba, wakaishia kwenye kisiwa kisicho na watu kiitwacho Ata. Wakakaa zaidi ya mwaka mpaka walipookolewa 1966. Hawakuuana. Walipanga zamu za kazi, wakalima bustani, wakautunza moto usizimike, na mwenzao mmoja alipovunjika mguu walimfunga mfupa ukapona. Kwa hiyo kisiwa cha Golding nacho kilikuwa kinamtii mwandishi.

Mzee_Kobe

Hoja nzuri, kijana, na kisa hicho nakijua. Ila wale sita walikuwa marafiki tayari, walipanda mashua kwa hiari yao. Wa Golding ni watoto wengi wasiojuana, wametupwa pale katikati ya vita ya watu wazima. Lakini nakukubalia jambo moja: mwandishi yeyote anaweza kulipikia pori jibu analolitaka. Ndiyo sababu ya kuwa mwangalifu.

Mtembea_Milima

Wakuu, mimi si mtu wa fasihi sana. Naongoza watu milimani, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Dada, watu waliolowa, usiku, baridi inazidi, hawawezi kubishana kurasa kumi na nne. Mwili ukianza kupoteza joto, mtu hutetemeka sana kwanza. Kisha ulimi unakuwa mzito, anaongea kama mlevi, anarudia sentensi, vidole havishiki kitu. Akili ya kuamua inaondoka mapema, na mwenyewe hajui kama imeondoka. Ikifika mbali kabisa, kutetemeka kunakoma, na wapo wanaoanza kuvua nguo kwa kuhisi joto ambalo halipo. Nguo mbichi inanyonya joto la mwili haraka mno kuliko nguo kavu. Kwa hiyo mwalimu wako kabla hajamaliza hoja ya pili angekuwa anatafuta maneno.

Mimi ningeuliza mambo mengine usiku ule. Wamejibana chini ya mwamba: nani amekaa katikati, penye joto, na nani amekaa ukingoni akipigwa na mvua? Nani aliamua hivyo? Njiti za kiberiti ziko mfukoni mwa nani? Nani ana koti kavu? Nimewahi kuona kundi la watu waungwana kabisa likikaribia kugombana kwa sababu ya nafasi ya kukaa ndani ya hema. Kama unataka siasa, iko hapo, na msomaji wa porini kama Jahazi ataisoma bila kuomba likizo.

Na swali moja zaidi: huyo ofisa anazijua njia za milima hiyo? Kama anazijua, alizijulia wapi?

Mwanamsitu

Mtembea, hilo swali la mwisho limenikosesha usingizi. Ndiyo, anazijua njia, ndiye anayewaongoza. Nilikuwa nimeandika tu kwamba alizaliwa karibu na huko. Sasa naona jibu jingine: alizijua kwa kuwasaka watu waliokuwa wanakimbia serikali yake. Yaani kinachowaokoa hawa saba ni ujuzi alioupata akiwinda watu kama wao. Na mwalimu atalitambua hilo njiani, pengine kwa kuona ofisa anajua hata pango ambalo mkimbizi angejifichamo.

Mzee_Kobe

Hapo sasa. Hilo likiwemo, hakuna msomaji wa upande wowote atakayepumzika. Anayemchukia ofisa atalazimika kumfuata nyuma, na anayemtetea atalazimika kujua njia imetoka wapi.

Bi_Mkubwa_Maktaba

Limenigusa hata mimi. Lakini nina hofu, na naomba nisieleweke vibaya. Msije mkamfundisha binti huyu kuificha siasa mpaka isionekane. Kuna wakati mtu lazima aseme.

Mnamjua Jack London, mwandishi wa Marekani. Alikuwa msoshalisti wa wazi, aligombea umeya wa mji wa Oakland, California, mwaka 1901 na tena 1905 kwa tiketi ya wasoshalisti. Mwaka 1908 alitoa hadithi fupi *To Build a Fire*. Mtu anatembea peke yake na mbwa katika baridi ya Yukon, kaskazini mwa Kanada, amepuuza onyo la mzee mmoja kwamba kwenye baridi ile mtu asisafiri bila mwenzake. Anawasha moto chini ya mti, theluji ya matawini inaporomoka na kuuzima, na mwisho anakufa. Hakuna neno hata moja la chama, lakini anayetaka kuona hoja ya kutegemeana ataiona. Mwaka huohuo London akatoa *The Iron Heel*, riwaya ya hotuba ndefu dhidi ya mabepari. Hiyo nayo ilipata wasomaji wake, na baadhi waliishika kama silaha. Mwandishi mmoja, mwaka mmoja, njia mbili. Hakuna aliyemwambia achague.

Kijana_wa_Pwani

Nyongeza ndogo kwa Bi Mkubwa: kuna toleo la kwanza la hadithi hiyo ya moto, la 1902, la wasomaji vijana. Humo yule mtu anapona. Alipoiandika upya akamwacha afe, na ndiyo tunayoikumbuka.

Na kwa siasa isiyohubiri, Mwanamsitu, msome Octavia Butler, *Parable of the Sower*, kitabu cha 1993. Binti katika Marekani iliyoporomoka anatembea kuelekea kaskazini baada ya mtaa wao wenye ukuta kuvamiwa. Ukitaka kujua nchi imefikaje pale, unaona maji yanauzwa ghali kuliko petroli. Bei hiyo inafanya kazi ya hotuba nzima.

Mwanamsitu

Wakuu, nimekaa na sura ya tisa tangu jana. Mabishano nimeyaondoa karibu yote. Kwa Bi Mkubwa: sikumnyamazisha mwalimu, ana sentensi mbili, nazo nimeziacha ziume. Ofisa hafi tena usiku huo. Naomba mnisomee kipande hiki:

"Kiberiti kilikuwa mfuko wa ndani wa koti la ofisa, kama siku zote. Mwalimu alinyoosha mkono. Hakuna aliyesema kitu. Ofisa aliutazama mkono ule, na vidole viwili ambavyo havikunyooka tena tangu gerezani, kisha akajaribu kufungua kifungo cha koti lake. Akashindwa. Akajaribu tena. Vidole vyake navyo havikuwa vyake tena. Ikabidi mwalimu amfungulie, kifungo kimoja kimoja, huku amemsogelea uso kwa uso, jambo ambalo alikuwa ameapa hatalifanya maishani."

Jahazi_Kavu

Hii ningeisoma. Narudia, mimi ndiye niliyesema ukate, na hii ningeisoma mpaka mwisho wa kitabu. Ila naomba jambo moja: usitufiche kwenye jalada. Ukiandika tu "kisa cha kusisimua cha kunusurika milimani" nitajiona nimedanganywa nikikutana na gereza na mapinduzi. Sema wazi kwamba wanakimbia baada ya mapinduzi na kwamba mfungwa na mlinzi wa zamani wako njia moja. Asiyetaka ataacha dukani, na hatakuja kukuandikia kwa hasira.

Bi_Mkubwa_Maktaba

Nami nimeridhika, ingawa sentensi mbili za mwalimu nataka nizione kabla hujazipunguza tena. Wahariri wanapenda kupunguza pale penye ukali. Ukiambiwa uziondoe, uliza sababu, na kama sababu ni kwamba zitamkera fulani, ziache.

Mtembea_Milima

Kipande ni kizuri, dada, na vidole umevipatia kabisa. Angalia njiti tu. Umesema mvua imewalowesha wote, na kiberiti kiko ndani ya koti. Njiti za kawaida zikilowa haziwaki, na koti likilowa mpaka ndani, kiberiti hakisalimiki. Kwa hiyo sura ya tatu au ya nne huko, muonyeshe ofisa akizifunga kwenye mfuko wa plastiki au akizichovya vichwa kwenye nta ya mshumaa. Mtu aliyezoea kulala milimani angefanya hivyo bila kufikiri, na mwalimu akimwona anavyofanya kwa haraka, ataanza kujiuliza amelala huko mara ngapi, na alikuwa anamsubiri nani.