Bega limeshonwa mara mbili na bado haliinuki: nianzie wapi?

Msusi_Umoja

Habari zenu wadau. Naomba msaada wa wanaoyajua mambo ya bega. Nina miaka 54, nautumia mkono wa kulia kwa kila kitu, na kazi yangu ni ususi. Kano ya juu ya bega la kulia ilishonwa 2023, ikaachia, ikashonwa tena miezi 9 iliyopita. Kisukari sina, presha ninayo na natumia dawa.

Hali ya sasa: mwenyewe naufikisha mkono usawa wa kifua tu, lakini nikiusukuma kwa mkono wa kushoto unaenda juu. Maumivu yako upande wa nje, kati ya bega na kiwiko, na hunishika vibaya mida ya saa nane usiku. Ripoti ya MRI inasema kano imechanika tena kwa kiasi. Fizio niliacha baada ya wiki 12. Je, ni lazima nipasuliwe mara ya tatu? Na kwa sasa nifanyeje ili nilale na nifanye kazi?

Fizio_Kasarani

Pole sana dada. Swali la kisu liweke kando kidogo, kwanza tujue bega limegoma kwa sababu gani, maana tiba hutofautiana kabisa.

Lala chali, legeza mkono, mtu wa nyumbani akushike kiwiko na kifundo cha mkono auinue mbele taratibu. Halafu kunja kiwiko digrii 90, kibane ubavuni, na yeye ageuze kigasha kuelekea nje. Alinganishe na upande mzima. Akikwama, basi kiungo kimekakamaa: mfuko wake umenywea, na kazi ni kuunyoosha. Akifika juu ilhali wewe mwenyewe huwezi, kiungo kiko wazi ila kinachokivuta ndicho kibovu, yaani kano, misuli au neva. Ulivyoeleza, wewe uko hapa pa pili.

Sasa vipimo viwili vidogo. Kiwiko kikiwa bado ubavuni, akigeuze kigasha nje karibu na mwisho, kisha aachie ghafla huku wewe unajaribu kukishikilia palepale. Kikirudi chenyewe tumboni, kano ya nyuma nayo haishiki. Cha pili: weka kiganja juu ya kitovu, kiwiko kiwe mbele kidogo, ubonyeze tumbo. Kiwiko kikikukimbia kurudi nyuma, kano ya mbele ni dhaifu.

Hizo mbili nazisisitiza kwa sababu bega lina kano nne. Ya mbele na ya nyuma zikivutana sawasawa, kichwa cha mfupa hubaki katikati ya kikombe chake, na msuli mkubwa wa nje, deltoidi, unaweza kuinua mkono hata kano ya juu ikiwa na tundu. Moja ikilegea, deltoidi hukivuta kichwa kwenda juu, kinagonga paa la bega, mkono unaishia kifuani.

Kama zote mbili zinashika, anza kumfundisha deltoidi. Fanya ukiwa umelala chali, maana ukiwa umesimama uzito wa mkono utakushinda na utaishia kupandisha bega hadi sikioni. Kunja kiwiko, usaidiwe na mkono wa kushoto mpaka mkono wa kulia usimame wima, vidole vikiangalia dari. Achia msaada. Ukiwa wima hapo mkono ni mwepesi, karibu unajisimamia. Upeleke mbele na nyuma kidogo, upana wa kiganja tu, kisha duara ndogo, dakika 5. Mara 3 mpaka 5 kwa siku. Ikiwa rahisi kwa siku kadhaa mfululizo, shika chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni nusu kilo. Hiyo nayo ikizoeleka, iache chupa, weka mito mgongoni uegemee kama digrii 30, urudie bila uzito, kisha na chupa. Panda hivyo mpaka uweze ukiwa umekaa wima. Wengi huharibu hapa: wanaruka kutoka kulala hadi kusimama kwa siku mbili. Zoezi hili ni la wiki 12 angalau, na wiki 3 za mwanzo huenda usione chochote.

Kwa kano ya nyuma, kata tyubu ya zamani ya baiskeli, ifunge kwenye kitasa, bana taulo iliyokunjwa kati ya kiwiko na ubavu, vuta kuelekea nje. Raundi 3 za mara 10, siku moja ndiyo siku moja hapana. Ile taulo isianguke, ndiyo inayokuzuia kudanganya kwa kiwiko.

Maumivu ya 3 au 4 kwa 10 wakati wa zoezi si mabaya. Kesho yake asubuhi yakiwa bado juu kuliko kawaida yako, punguza kiwango kwa nusu, usiache kabisa.

Mifupa_UpperHill

Fizio ameeleza vizuri. Naongeza upande wa picha na wa upasuaji.

Neno "imechanika tena" lisikutishe peke yake. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2004 uliwafuata watu 18 walioshonwa mipasuko mikubwa. Picha za ultrasaundi zilionyesha 17 kati yao kano ilikuwa imeachia, ilhali baada ya mwaka wengi walikuwa na maumivu kidogo na mkono unaofanya kazi. Nafuu hiyo ilipungua kadiri muda ulivyoenda, kwa hiyo si sababu ya kukaa kitako, lakini inaonyesha kwamba tundu kwenye picha na bega lisilofanya kazi ni mambo mawili.

Kwa nini kushona hushindwa? Mara nyingi nanga, yaani vile vijiskrubu vilivyo ndani ya mfupa, ziko salama na uzi haujakatika. Kano ndiyo imekatwa na uzi, kama waya unavyopita kwenye sabuni ya mche iliyolowa. Kano ya mara ya pili huwa fupi na imechakaa, kwa hiyo huvutwa kwa nguvu zaidi ili ifike mfupani, na inapovutwa sana damu hupita kwa shida. Sigara huzidisha, sukari isiyodhibitiwa huzidisha. Miezi 3 hadi 6 ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi.

Jambo ninalotaka ulitoe kwenye hiyo MRI ni hali ya msuli wenyewe. Msuli uliokaa bila kuvutwa huingiwa na mafuta, na ukishaharibika hivyo kwa kiwango kikubwa hautarajiwi kurudi ulivyokuwa hata kano ikishonwa vizuri namna gani. Kuna kipimo cha Goutallier, daktari Mfaransa, tangu 1994: 0 ni msuli safi, 3 mafuta yamelingana na msuli, 4 mafuta yameuzidi. Ukiwa 0 au 1, kushona tena kunaweza kujadiliwa. Ukiwa 3 au 4, kushona kwa mara ya tatu ni kurudia kosa lilelile. Kama ripoti haikutaja daraja, rudi na diski, mwombe mtaalamu wa picha aandike. Omba pia eksirei ya kawaida ya kutoka mbele ukiwa umesimama. Nafasi kati ya kichwa cha mfupa na paa la bega ikiwa chini ya milimita 7, kichwa kimepanda, na hiyo ni dalili ya mpasuko mkubwa. Kama nanga zako ni za chuma, zinaweza kuchafua MRI kwa vivuli. Ultrasaundi ya mtu aliyezoea mabega husaidia hapo, na mkono unatazamwa ukiwa unasogea.

Usisahau maambukizi ya polepole. Kuna bakteria wa ngozi ya kikwapa na bega, Cutibacterium acnes, wanaoweza kukaa ndani miezi mingi bila homa, bila usaha, na vipimo vya damu vikawa sawa. Dalili ni bega linalouma na kukakamaa bila maelezo. Sampuli ikichukuliwa, maabara iioteshe siku 14, si 5 za kawaida, la sivyo watakuandikia "hakuna kitu". Na ukiwa umemeza antibiotiki wiki mbili za karibuni, sema, kwa sababu huwaficha. Shingo nayo ichunguzwe: neva ya tano ya shingo ikibanwa hutoa maumivu palepale unapopataja.

Kuhusu upasuaji wa tatu, si lazima uwe wa kushona. Kwa mtu wa umri wako mwenye kiungo ambacho hakijalika, kano ya msuli mwingine inaweza kuhamishwa, ya msuli wa mgongo au ya trapezi ya chini (msuli ulio kati ya mabega), hasa kama kugeuza nje kumepotea. Bega bandia la kinyume, lililobuniwa na Mfaransa Paul Grammont mnamo 1985, huweka mpira palipokuwa kikombe na kikombe palipokuwa mpira, ili deltoidi ipate wenzo mrefu na ifanye kazi bila zile kano. Linafanya kazi vizuri, ila mara nyingi tunalingoja umri usogee miaka ya 65 na kuendelea, kwa sababu bandia huchakaa na kulibadilisha ni kazi nzito.

Kabla ya kumwona daktari mwingine, chukua ripoti ya upasuaji wa kwanza na wa pili, si barua ya kuruhusiwa tu. Humo kuna ukubwa wa mpasuko, kano ngapi, nanga aina gani, na kama kano ya baisepi ilikatwa. Na kama mtafika huko, idhini ya SHA, bima ya afya ya serikali, iombwe kabla ya tarehe ya upasuaji, isiwe ukiwa tayari umelazwa.

Mfamasia_Buruburu

Dada, hilo la presha ndilo lililonifanya niandike. Diclofenac, dawa ya maumivu, inauzwa kila duka la dawa hapa mjini kama peremende, na kwa bega la muda mrefu watu huimeza miezi. Ukiichanganya na dawa za presha kama enalapril au losartan, pamoja na kidonge cha kukojoza kama hydrochlorothiazide, unaziumiza figo kutoka pande tatu kwa pamoja, na presha yenyewe inapanda. Ibuprofen ni vilevile. Jeli ya diclofenac ya kupaka huingia mwilini kidogo sana kuliko kidonge, ila bega liko ndani, usitarajie makubwa.

Paracetamol: vidonge 2 vya miligramu 500 kila saa 6, visizidi 8 kwa saa 24, na hesabu pia iliyo ndani ya dawa za mafua. Kwa maumivu ya saa nane usiku, meza dozi ya mwisho unapoingia kitandani badala ya saa moja jioni. Tramadol usiizoee. Inaleta uraibu, na kuiacha ghafla ni mateso.

Sindano ya steroidi inaweza kukupa wiki kadhaa za nafuu za kufanyia mazoezi. Lakini zisirudiwe rudiwe, hulainisha kano iliyobaki. Na kama upasuaji unakaribia, sindano iwe imepita miezi 3, kwa sababu ya maambukizi. Kuna pia sindano ya kuzima neva inayopita nyuma ya bega, isiyogusa kano. Iulizie.

Mama_Jikoni

Kulala: usilale bapa. Panga mito mpaka mgongo uegemee digrii 30 au 40, kisha mto mdogo au leso iliyokunjwa uiweke chini ya kiwiko, kiwiko kisianguke nyuma ya mstari wa mwili. Kikianguka, bega huvutika usiku kucha, ndiyo hiyo saa nane yako. Ukilalia upande wa kushoto, kumbatia mto mnene ili mkono wa kulia usivuke kifua.

Saluni: ni urefu, si nguvu. Mteja akae kwenye kigoda kifupi, wewe usimame juu ya ubao imara, viwiko vyako viwe chini ya mabega muda wote. Mistari ya utosini mwambie ainamishe kichwa. Blow-dryer iende mkono wa kushoto, au ining'inizwe kwa kamba. Weka simu ikulilie kila dakika 20, ushushe mkono.

Ugali songa sufuria ndogo mara mbili kuliko kubwa mara moja, jiko liwe usawa wa kiuno, mwiko ushikwe karibu na unga, kiwiko ubavuni. Mablanketi asikamue mtu mwenye bega hili. Nguo: mkono mgonjwa huingia wa kwanza, hutoka wa mwisho. Kwenye matatu shika kwa mkono wa kushoto, na ukikaa chagua kiti ambacho bega la kulia liko dirishani, si kwenye njia ambapo kila anayeshuka analigonga.

Msusi_Umoja

Asanteni sana, Mungu awabariki. Binti yangu amenipima. Akiinua yeye, mkono unafika karibu na sikio. Tumboni kiwiko kinabaki mbele. Lakini kigasha akikiachia kinarudi chenyewe, si chote, kama nusu ya njia.

Fizio_Kasarani

Basi kano ya mbele ni nzima, ya nyuma ina kasoro ila bado inashika kwa kiasi. Anza zoezi la kulala leo. Ile tyubu usiivute kwa sasa. Badala yake simama mlangoni, kiwiko ubavuni na taulo yake, sukuma fremu kwa mgongo wa kiganja bila mkono kusogea, sekunde 10, mara 10, nguvu ya robo tu. Andika tarehe na umbali ambao kigasha kinarudi, binti akupime tena baada ya wiki 6.

Usingoje hizo wiki 6 kumwona daktari wa mifupa, kwa sababu msuli wa nyuma ukizidi kuingiwa na mafuta nafasi ya kuuokoa hupungua. Mwambie maneno haya: "nikiachiliwa, kigasha hakikai nje", na umwombe asome daraja la Goutallier la msuli wa nyuma peke yake, si la wa juu tu. Ukipata homa, kidonda kikitoa maji, mkono ukifa ganzi, au ukianguka na nguvu ikapotea siku hiyohiyo, nenda hospitali bila kungoja kliniki.

Mifupa_UpperHill

Nakubali. Na ukienda, vaa nguo isiyo na mikono, tutazame pia kama shimo limejitokeza nyuma ya bega, juu na chini ya ule mfupa wa mshazari unaopita kwenye bapa la bega. Yakiwepo mashimo yote mawili, nitataka neva ipimwe kwa umeme kabla ya mtu yeyote kupanga upasuaji.